Ini Limewahi

Saa tatu asubuhi, Kautokeino, na bado ni usiku:
jua tuliliaga Novemba.
Niillas amefika kabla sijavua glovu,
anakohoa hadi kabati la chupa linajibu,
anataka dawa, zile kali, za siku kumi,
"kama za mwaka juzi, Berit, usinizungushe."
Nyuma yake Risten, mkewe, kashika kofia mbili,
yake na ya mume. Amekuja, anasema, kumsindikiza tu.

Namchoma Niillas kidole. Tone moja.
Mashine inaguna dakika nne, kisha: nane.
Nane tu! Kelele zote hizi,
na damu yake haijapiga hata mbiu ya mgambo.
Yaelekea ni kirusi, namwambia. Nenda kalale, unywe mchuzi.
Ananitazama kama mtu niliyemwibia kulungu.

Lakini Risten anatetemeka ndani ya shali.
"Baridi," anasema. Humu ndani kuna joto la tanuri.
Lete kidole, shangazi.
"Mimi mzima."
Lete.

Mia moja themanini na tisa.

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua.
Leo ini limewahi.
Tangu juzi limekesha kiwandani,
limepunguza kufuma albumini, ile ya siku zote,
likageukia protini za vita,
zing'ang'anie bakteria kama kupe,
chembe nyeupe ziwatambue gizani.
Na yeye, saa zote hizo, alikuwa akiosha vyombo.

Nachukua damu nyingine, nasimamisha mrija wima
kwa njia ya kizamani, kama mama alivyonifundisha
kwenye meza hii hii yenye doa la rangi.
Chembe nyekundu zimebebana kama sarafu,
zinazama mbiombio, zinaacha juu
maji ya rangi ya nyasi kavu.
Damu nzito kuliko maji, tunasema.
Sikuwahi kufikiri uzito huo una milimita.

Daktari amepiga simu. Gari litakwenda Hammerfest,
saa nne za barafu.

Niillas amesahau kukohoa.
Anamvisha mkewe kofia, anakosea, anamvisha ya kwake,
inamfunika macho.
"Ungesema," ananong'ona.

Na Risten, kutoka chini ya sufu:
"Ulikuwa unakohoa."