Dakika Mbili za Kutisha

Karatasi i mezani, Bi Prosser ameandika:
Filamu iwe gizani, na mbao zinaalika,
Msichana ukumbini, nywele zilizotimka,
Dakika mbili jamani, mtazamaji kushtuka.

Lowri kavaa gauni la bibi, lenye viraka,
Gethin, sosi mkononi, shingoni ameipaka,
Iestyn kakaa ngazini, fidla yalia mashaka,
Dakika mbili jamani, mtazamaji kushtuka.

Wakaiweka skrinini, wenzao wakawacheka,
Carys, aliye kitini, mambo yote katamka:
“Sasa mkono begani! Sasa taa yazimika!”
Dakika mbili jamani, na hakuna wa kushtuka.

Naomba radhi kwa marehemu baba
aliyenifunza mizani kwa kugonga vidole mezani.
Vina naviacha hapa.
Mimi ni mtunza vifaa katika chuo kimoja kusini mwa Wales.
Naazimisha kamera, nadai nyaya, sifundishi mtu.
Jumatatu Lowri aliniletea kadi: “Futa yote, imejaa.”
Sikufuta. Huwa natazama kwanza, ndiyo ada yangu mbaya.

Baada ya mayowe na sosi
walikuwa wameisahau kamera juu ya friji, inarekodi.
Alfajiri, saa kumi. Taa ya jikoni nyeupe, ya kawaida kabisa.
Anaingia babu yake, mzee Emlyn, na soksi.
Anavaa buti za kazini. Anafunga kamba, fundo mara mbili.
Anajaza chai kwenye chupa.
Anakaa.
Kiwanda cha chuma kimefungwa tangu Septemba.
Dakika kumi na moja amekaa, ncha za buti zimeelekea mlangoni,
na ule mngurumo wa tanuri
uliokuwa ukitetemesha vikombe kabatini
haupo. Vikombe vimetulia.
Kisha anafungua kamba, anamwaga chai.

Lowri alitazama amesimama, koti hajavua.
“Huwa namsikia,” alisema. “Nilidhani anakwenda msalani.”

Gethin alisema hiyo si ya kutisha, hiyo ni jikoni.
Iestyn aliuliza kuhusu alama.
Mzee mwenyewe, walipokwenda kumwomba ruhusa,
alisema sawa, ila mkate pale ninapojikuna.

Sasa tazama walichofanya. Hawakutupa kitu:
giza lilelile, ngazi zilezile, gauni lenye viraka,
fidla inapanda, Lowri anaunyoosha mkono kwenye kitasa,
mlango unalia kama milango yote ya aina hiyo inavyolia,
na Carys kitini kwake ameshafungua kinywa aseme “sasa”

taa.
Fidla imekatwa katikati ya uta.
Mzee. Buti. Chupa ya chai.
Dakika mbili jamani,

na kinywa cha Carys kilibaki wazi, bila neno.

Nimelifikiria hili nikipanga nyaya.
Wangeanza na jikoni, darasa lingesinzia.
Lazima kwanza sikio lizoeshwe kungoja,
kama nilivyokuwa nangoja kituo cha baba
hata kabla hajavuta pumzi;
na siku moja, amelazwa, alifika nusu ya mshororo
akanyamaza, akanitazama,
nami nikabaki na kina mdomoni, sijui nikiweke wapi.

Bi Prosser aliandika kwa wino wa kijani:
Kaida: mmezijua. Muda: mmezidisha sekunde arobaini.
Akakata alama tatu.
Gethin bado ananung’unika.

Kadi ile sijaifuta.
Daftarini nimeandika: moja, haijarudishwa.