Hesabu ya Jiko la Langoni

Ubaoni nimeandika sifuri, nukta,
kisha sifuri ishirini na tatu,
na chaki imekatika kabla sijafika kwenye nne.
Huo, wasichana, ndio umri wa chembe ya ro, kwa sekunde.
Mwanaamina wa dawati la nyuma ananyosha mkono:
"Na ikizaliwa ndani ya moto, Mwalimu,
kwenye msongamano, huwa ni ile ile?"

Swali lake lina harufu ya iliki.

Baba alipika halwa Langoni, uani kwa Famau,
chumba kisicho dirisha, milango miwili,
kuni za mkoko, sufuria la shaba la kumlaza mtoto,
wapishi sita bega kwa bega, na mwiko mrefu kuniliko.
Nje, baba alikuwa mtu wa kipimo.
Salamu yake ungeweza kuitia mizanini
ikatoka ratili ile ile, asubuhi hata jioni.
Bwana Aboud Lali: mtaa mzima uliujua uzito wake.

Kwenye maabara hugonganisha viini vya dhahabu,
na kwa kitambo kisichotosha hata kuitwa kitambo
protoni hubanana, hupata joto, hukosa pa kupumulia.
Ro ikizaliwa humo, je?
Wataalamu walivutana miaka.
Hawa: tungamo lake litashuka.
Wale: halishuki, linatapakaa,
kile kilele chembamba kinalala,
kinakuwa kilima usichojua kinaanzia wapi.
Vipimo vikawaelemea wale.

Nimewaamini bila kuona mashine.
Nilimwona baba sukari ilipoanza kuvuta.

Shida ni habari kutoka.
Kila kitokacho hupigwapigwa njiani,
kikifika mlangoni kinasema ya mlangoni tu.
Wapishi walitoka wameshanawa: "Salama, Bi Zena."
Baba mwenyewe alirudi usiku, amepoa,
kanzu haina doa, ratili ile ile.

Ila ro, mara moja katika elfu ishirini na kitu,
hufa ikaacha pacha: elektroni na positroni,
hasi na chanya.
Hao hawana undugu na nguvu inayofunga viini.
Hukatiza rabsha kana kwamba haiwahusu.

Mimi na Shekuwe tulikuwa na miaka saba.
Mama alitutuma na birika la chai ya tangawizi.
Hakuna aliyetuzuia; tulipita chini ya viwiko.
"Ndooni, ndooni!" baba akaita, kifua wazi,
sauti si yake, au ni yake yote kwa pamoja,
akatukana, akaomba dua, akacheka,
na majimaji usoni mwake sikujua ni jasho au nini.
Kisha tukatoka, mimi mlango wa msikitini,
Shekuwe mlango wa sokoni.

Mama alituhoji mbalimbali.
Nilisema: anacheka.
Shekuwe alisema: analia.
Mama akajumlisha kimya,
akaendelea kuchagua mchele.

Pacha mmoja hatoshi, wasichana, hili huja mtihanini.
Nishati ya huyu, nishati ya yule,
na pembe kati ya njia zao:
hapo ndipo utakapopata tungamo la marehemu
kama lilivyokuwa dakika ya kufa, mle ndani,
si kama lilivyoandikwa kwenye jedwali.

Shekuwe yuko Malindi, anauza vigae.
Hatujasemezana tangu tugawe nyumba:
yeye alichukua chini, mimi juu,
ngazi hatukumwandikia mtu.
Miaka kumi na mmoja nina nusu ya hesabu,
ile ya kicheko.

"Si ile ile," namjibu Mwanaamina.
"Andika."
Kengele inalia kabla hajauliza tunajuaje.
Anakuja kufuta ubao, sifuri moja moja,
polepole, kama mtu anayehesabu,
na nukta anaisahau.