Kikombe Kimoja na Nusu cha Magadi

Usiku kucha imenyesha juu ya Section 58,
ya mawe kwanza, kisha ile nzito isiyo na haraka.
Saa kumi na mbili asubuhi nimevaa gambuti,
nakuta bwawa limejaa hadi mdomoni,
limemeza safu mbili za vigae vya buluu,
na linameremeta.
Hapo ndipo linapodanganya.

Bi. Wairuri anafungua dirisha la ghorofani:
"Mukhwana, leo hata dawa usitie!
Maji ya Mungu hayo, yamekuja bure."
Naitika, "Ndiyo, mama,"
nakwenda kuchukua kisanduku cha vipimo.

Nachota kwa kina cha kiwiko,
maana juujuu ni mvua tupu, itakupa umbea.
Upande huu kidonge cha klorini. Nangoja waridi.
Inakuja rangi ya ukucha wa kitoto,
kisha hata hiyo inaona haya.
Upande huu matone matano mekundu:
jana yalitulia, rangi ya papai bivu;
leo manjano, manjano ya bizari,
na manjano ni uchachu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga.
Huyu kaja mikono mitupu,
hana chumvi, hana magadi, hana chokaa,
na usiku kucha amekuwa akikopa:
chokaa kwenye saruji kati ya kigae na kigae,
shaba kwenye bomba la kupashia maji.
Alichobeba ni vumbi la Menengai,
chavua ya mjakaranda wa jirani,
na mavi ya kunguru yaliyokaukia mabatini tangu Januari.
Mwenyeji hakupona. Mwenyeji kapungua.

Nikipanda kukagua tangi, naliona ziwa.
Nalo lilinyeshewa, mwaka juu ya mwaka,
likavimba, likaisimamisha migunga majini ikafa wima.
Tukaona maji mengi, tukasema neema.
Heroe wakainamisha vichwa, wakaonja.
Hawana kisanduku, wana mdomo uliopinda tu,
lakini walijua kabla yetu:
magadi yamezimuliwa, chakula hakimo.
Wakaondoka usiku, makundi kwa makundi,
na asubuhi ufuo ulikuwa wa kijivu
kama shuka iliyofuliwa mara nyingi mno.
Huko mwani ni ugali.
Hapa kwangu ni ugonjwa, ukija Jumatatu
ngazi zitateleza kama bamia.

Basi nafungua vali, namwaga ziada
mpaka nusu ya kigae cha juu.
Kikombe kimoja na nusu cha magadi,
ndooni kwanza, kamwe si bwawani moja kwa moja;
nakoroga, na ndoo inapata joto mikononi
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Nazunguka ukingoni nikimimina taratibu.
Pampu inakohoa, inashika.

Saa tatu anafika Jebiwott, miaka sita,
miwani ya kuogelea tayari kwenye paji la uso,
anakuta nimefunga kamba.
"Lakini ni safi! Naona mpaka chini."
"Siki nayo utaona mpaka chini."
Anafikiri. "Kwani umetia siki?"
"Siyo mimi."
Anatazama juu, kwa hasira ya kweli,
anaketi kwenye kiti cha plastiki, hang'oki.

Saa nane napima tena mbele yake.
Namwachia yeye adondoshe, moja, mbili,
la nne linamponyoka, tunaanza upya.
Papai. Na upande wa pili, waridi,
waridi la midomo ya mtu mwenye afya.
Nafungua kamba.

Mama yake anamshika kiunoni, anamwachia,
anamshika, anamwachia,
na kwa pumzi tatu hivi mtoto analala juu ya maji
macho yakiwa yamefumba.

Upande wa Mau mawingu yamejipanga.
Tone la kwanza linamwangukia tumboni.
Naingia stoo, nalifunga mdomo gunia la magadi,
nalipandisha juu ya tofali.