Si Nakala

Usiku huu nimefagia majina.
Chilongani E., Evarist C., Chirongani
(huyo wa mwisho kaandikwa na mwamuzi fulani
ambaye ulimi wake haukutofautisha ra na la),
nimewavuta wote watatu kwenye mstari mmoja,
nikabonyeza "unganisha",
na karani wa bohari ya TAZARA akawa mtu mmoja tena:
michezo mia mbili na kumi na saba,
sare nyingi kuliko ushindi.

Karatasi zilikuja kwenye mfuko wa rambo,
ule wa kabla ya marufuku.
Binti yake Tunu aliuleta hadi mlangoni kwangu.
"Mama anataka nafasi kabatini," akasema.
Nyingine zimeandikwa nyuma ya stakabadhi za mizigo,
nyingine zilionja mafuriko ya Jangwani.
Hatua ya ishirini na tatu, katika mchezo mmoja,
ni doa la bluu tu.
Programu haikubali doa.
Haijui "nadhani", haijui "labda".
Nikamrusha farasi kila anakoweza kutua
mpaka hatua ya ishirini na nne ikakubali kufuata,
kama mtu anayejaribu funguo za marehemu
kwenye kufuli asilojua linafunga nini.

Wataalamu wa lugha wameiita kanzidata.
Kanzi: hazina, mali iliyofukiwa.
Neno zuri kuliko hii kompyuta yangu
inayokoroma, iliyong'oka kitufe cha k.

Saa tano. Luku inalia, zimebaki uniti tatu.
Nikaiamuru mashine isake nakala rudufu.
Ikaleta sitini. Nyingi ni dhambi zangu,
niliingiza mara mbili huku nasinzia.
Futa. Futa. Futa.
Kisha hii:

Chilongani na Versi, hatua arobaini, sare.
Chilongani na Versi, hatua arobaini, sare.

Toka askari wa kwanza hadi kupeana mikono,
hakuna kete iliyopotea njia.
Tarehe tu ndizo hazipatani:
Machi tisini na nne, Julai elfu mbili na tisa.
"Mchezo ni uleule. Ufutwe mmoja?"
Kidole kilikuwa tayari.

Sijui kilinizuia nini. Nikaisaka nafasi ile,
ya hatua ya thelathini,
katika michezo milioni nane ya dunia,
ya Moscow, ya Havana, ya vyumba vyenye zulia.
Matokeo: mawili.
Yote Upanga, ukumbini, juu ya duka la vitambaa.

Nikawasha injini. Haikukuna kichwa:
thelathini na moja, farasi kwenda f5, nyeupe inashinda.
Na hatua waliyoicheza ikaibandika
alama mbili nyekundu za kuuliza,
mchezo wa kwanza, mchezo wa pili, bila huruma.

Nikarudi kwenye karatasi zenyewe.
Ya kwanza ni mwandiko wa mtu mwenye haraka.
Ya pili, pembeni mwa thelathini na moja,
ina nukta. Kalamu ilisimama pale,
ikakandamiza hadi wino ukatokea upande wa pili.
Chini kabisa, kwa herufi za kubana:
"Gulamali anasafiri kesho. Toronto."

Aliiona.
Miaka kumi na mitano huenda aliilaza nayo kitandani,
hatua moja ya farasi,
halafu akaketi mbele ya rafiki
ambaye masanduku yake yameshafungwa kamba,
wakairudia Jumamosi moja ya zamani
kete kwa kete, hakuna aliyemwambia mwenzake.

Mashine haina kisanduku cha jambo hilo.
Ina mji, raundi, ufunguzi, kiwango.
Ina pa kuandika maoni, padogo.
Nikachokoa tundu la k kwa ncha ya kalamu:
Si nakala. Ni mara ya pili.

Alama nyekundu za tisini na nne nimeziacha, alikosea.
Za elfu mbili na tisa nimezitoa,
na mahali pake sikuweka kitu.

Uniti moja. Hifadhi.
Kesho nianze na Versi, Verzi, Varsi.