Herufi Thelathini na Tatu

Niliikata plastiki kutoka kaunta ya duka la mikate lililofungwa,
ile angavu, yenye mchubuko pembeni,
nikaandika kwa wino herufi zetu zote, thelathini na tatu,
na katikati nikatoboa tundu la kutosha uso.

Nanuli anatazama herufi. Mimi, upande wa pili,
nafuata jicho. La kushoto; la kulia limechoka.
Macho hayana pazia, husema watu.
Ya dada yangu yanalo: akilishusha mara moja, ndiyo;
mara mbili, futa, anza upya, mjinga wewe.

Miaka ishirini na sita alitangaza treni stesheni ya Khashuri.
“Treni ya Zestaponi, reli ya pili, imechelewa dakika arobaini,”
na watu walikaa juu ya mabegi yao bila kununa,
kwa kuwa ni yeye aliyewaambia.
Kisha mshipa mmoja, asubuhi, akimenya viazi.

Hospitali ya Tbilisi walituazima mashine:
unatazama, inasema.
Ilisema kwa sauti ya mwanamume, tena kwa Kirusi,
kama askari wa mpakani anayedai pasipoti.
Nanuli aliipa neno moja tu:
Zima.

Jana kaja Jumberi, bosi wake wa zamani,
na mkate wa zabibu kwapani.
Akapaza sauti kana kwamba masikio nayo yamekufa,
akaniuliza mimi: “Anajisikiaje?”

Nikainua plastiki.
N.
I.
“Ninashukuru!” akadaka Jumberi.
Pazia, mara mbili.
“Niletee maji?” Hata mimi, mwaka mzima sasa,
bado namwibia maneno yakiwa njiani.
Mara mbili, kwa kishindo, kama kope zina kishindo.
U. L. I. Z. E.

Jumberi akavua kofia.
Akazunguka, akaniondoa, akapachika uso wake mpana tunduni.
“Unajisikiaje, Nanuli?”

Birika likachemka, nikaliacha lichemke.
Treni ya mizigo ikapita nyuma ya nyumba,
glasi zikatetemeka kabatini.
Yeye anatafuta, jamaa anasoma kwa sauti,
anapotea, anarudi, jasho kwenye pua,
plastiki imeingia ukungu wa pumzi yake:

UMECHELEWA
MIEZI KUMI NA MINNE

Jumberi akakaa,
mkate magotini,
bila kununa.