Milembe

Jina alinipa bibi, mzaa baba, huko Sumve,
mvua iliponyesha baada ya kiangazi kirefu.
Milembe: amani.
Muulize yeyote anayekisema Kisukuma.

Mjini likawa kichekesho.
Shuleni Kirumba walisema, huyu ana kitanda chake Dodoma,
kimeshatandikwa. Nilicheka nao.
Mtoto hucheka ili asichekwe peke yake.

Kisha nikaumwa kweli.
Usingizi ulianza kuchelewa kama meli ya Ukerewe,
leo saa moja, kesho tatu,
mwisho haukutia nanga kabisa.
Saa nane za usiku nikaanua dagaa wa watu wote mwaloni,
nikawaanika upya, mmoja mmoja, vichwa vikitazama ziwa,
maana niliwasikia wakiomba kurudi.

Mama aliwaambia majirani: malaria imempanda kichwani.
Shangazi akataja jina la aliyeniroga.
Mchungaji akasema tufunge.
Tukafunga. Mimi nilikuwa sijala siku ya nne.

Aliyenipandisha mlimani hospitali ni kaka yangu Lugwisha,
fundi wa injini za mitumbwi, mtu asiye na maneno.
Alisema tu: mashine ikigonga hatuitukani,
tunaifungua.

Sasa nina kidonge, kila usiku.
Jirani yangu Mama Bugingo hujidunga sindano ya kisukari
mbele ya wageni, huku akiulizia bei ya sato.
Changu nilikificha kwenye kopo la majani ya chai
mpaka kidonge kikanuka chai,
na chai ikanuka siri.

Alhamisi, kikoba, sebuleni kwa Nyanzobe.
Katibu akasoma: Milembe, umekosa vikao viwili. Sababu?
Nilikuwa nayo tayari: msiba, Magu.
Shangazi wa Magu nimeshamzika mara tatu
katika daftari lile lile.

Nikasema: naumwa akili. Natibiwa.
Kliniki yangu ni Alhamisi, kila mwanzo wa mwezi.

Mtu akavuta kanga. Mwingine akausogeza mkoba wake,
nilimwona.
Katibu akashika kalamu, haandiki.
Andika, nikamwambia.
Herufi tano. Hazimalizi wino.

Kwetu Igogo nyumba imeegemea jiwe,
jiwe limeegemea jiwe, nalo lina lingine nyuma yake,
tangu mji huu haujapata jina.
Sijasikia mtu akiliambia:
simama mwenyewe, acha kujiendekeza.

Faini nililipa. Kanuni ni kanuni.
Na zamu yangu ya kupika chai ilipofika
wawili walisema wameshiba.

Ila siku ile, tunavaa viatu mlangoni,
Ng'wasi, mwenye sauti kuliko wote,
ambaye kijana wake hatujamwona tangu Pasaka,
aliinama kama anayetafuta ndala,
akauliza chini chini:
hiyo kliniki, mtu anakuja na nini?

Njoo naye, nikasema. Na chupa ya maji, foleni ni ndefu.
Faini ya kikoba utalipa, kama mimi.
Nitakuwa kwenye benchi la ukutani.
Getini sema unamfuata Milembe.
Mlinzi akicheka,
lirudie jina.