Daftari la Vipimo

Miaka kumi na tisa napima vifua vya watu
hapa Mabatini, kibarazani kwa Lushinge,
futi shingoni, penseli nyuma ya sikio:
kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na moja.
Neno vipimo lilikuwa langu.
Kisha Bugando wakaniambia, "Mama, tusubiri vipimo,"
nikakaa kwenye benchi, nimekuwa kitambaa.

Mimi wa mji huu. Nyumba yetu imekaa juu ya jabali,
ukuta wa jikoni ni jabali,
kamba ya nguo tumeifunga kwenye jabali.
Nilipoligusa lile dogo, kushoto, naoga,
sikushtuka. Nikasema: jiwe. Mawe ya huku hayali mtu.
Nikashona sare za shule mpaka Januari ikaisha.
Miezi minne. Hiyo ni yangu, simtupii mtu.

Nilijifunza kama anayeanza cherehani,
kwanza majina.
Hatua ya pili. Tezi za kwapa. Mionzi.
Niliyaandika nyuma ya daftari, nikirudi mbele,
nikiomba yasikutane na magauni ya wateja.
Yalikutana Septemba,
kwenye gauni la sendofu la binti wa Milembe.

Muuguzi Kokusima alinifundisha kupanda ukuta:
vidole vitambae, uweke alama ya chaki,
kesho juu kidogo.
Chaki ninayo, nikamwambia.
Ndoo, mkono wa kulia. Presha, wa kulia.
Wa kushoto siku hizi ni bibi harusi, haubebi kitu.

Baba Limi hakujua atazame wapi.
Wiki ya tatu akaja na taa: "Nionyeshe."
Akaufuata mshono kwa kidole, polepole,
akauliza,
"Walishona kwa mkono, au kwa mashine?"

Ziwa nililishona mwenyewe.
(Mtu akicheka, anatazama maji kule Igogo.
Lile hapana. Lile bado sijalipatia kitambaa.)
Pamba ilikuwa nyepesi, sidiria ikapanda kama boya.
Mchele ulinichoma. Ulezi ndio ulikubali.
Milembe akalipima Kirumba, kwenye mizani ya dagaa:
gramu mia nne na themanini.
"Ongeza," nikasema, "mwenzake amenyonyesha wanne."
Akaongeza. Hakunidai.

Ninalo jingine kabatini, nimelitia kifungo ndani.
Mteja akija, nampa: tafuta.
Wengi hukikosa, hufinya kama wanaonunua parachichi.
Vidole vitatu, nasema, viwe bapa, zunguka, usiharakishe.
Kisipopatikana, sipimi kiuno.

Jana msichana wa Kitangiri alikipata.
Akacheka, halafu akaacha kucheka,
akabaki amekishika hapo hapo.
Nikaandika: kifua thelathini na nne.
Chini yake, kwa kalamu nyingine,
tarehe kumi na mbili, saa mbili asubuhi,
mimi,
vipimo.